Mida Creek saa tatu asubuhi, mwezi mpevu? Futa hiyo ratiba kwanza

Mkuu, usilipe salio la ile safari yako ya kutazama ndege Mida Creek, pwani ya Kenya. Mengine uliyouliza, ya mpaka wa Horohoro wa kuingilia Kenya, darubini, kamera na mahali pa kulala Watamu, yangoje. Kilichonishtua ni ule mstari wa ratiba uliobandika: "Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa sita, ndege wa pwani Mida Creek, saa tisa alasiri, msitu wa Arabuko-Sokoke." Halafu ukaongeza kwa furaha kwamba Jumamosi hiyo ni mwezi mpevu. Hapo ndipo pesa yako inapozama, na haizami hata majini, maana maji yenyewe hayatakuwepo.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu hii, Tanga mpaka Malindi, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mida ni hori pana lenye mlango mwembamba, na sehemu kubwa ya sakafu yake ni tope na mchanga. Ukifika saa tatu, maji yanakimbia kutoka. Saa nne yamebaki mkondoni tu. Saa sita yameanza kurudi, na hapo ndipo wewe umepangiwa kupanda gari uondoke. Aliyeandika ratiba hiyo hakukosea kidogo; amekosea kwa usahihi kabisa, kama aliyepiga hesabu ili msione kitu.

Sasa ndege wako wapi saa hizo? Wapo, tena kwa wingi, ila wamefuata ukingo wa maji. Sululu, vitwitwi wa kila aina na yule mweupe na mweusi mla kaa unayemtaka, Dromas ardeola, wote wanachimba chakula kwenye tope lililofunuka punde, kwa sababu kaa na minyoo wanakuwa karibu na juu tope likiwa bado limelowa. Maji yakisogea nusu kilomita, nao wanasogea nusu kilomita. Wewe utakuwa kwenye kile kibanda cha kutazamia mwisho wa daraja linaloning'inia katikati ya mikoko, unatazama nukta. Jua limeshapasha tope, hewa inacheza, na hata darubini ya miguu mitatu ukiivuta mpaka mara 60 utaona nukta kubwa zinazotetemeka.

Usifikiri utawatambua hivyo hivyo. Wale vitwitwi wawili wa mchangani, Charadrius leschenaultii na mwenzake mdogo, wakivaa manyoya ya msimu wa baridi wanafanana mno. Unawatenganisha kwa urefu na unene wa mdomo, na kwa miguu: mkubwa ana miguu mirefu yenye rangi ya kijani kilichofifia au njano, mdogo ana miguu ya kiza. Huo ni mchezo wa mita 60 au 80, si wa mita 500. Na tafadhali usishuke topeni kuwafuata. Utazama mpaka magotini, magamba yatakukata, na ndege wataruka kabla hujafika popote. Wengine tumeshalipa ada ya somo hilo, na viatu pia.

Anayekufanya ulipe hivi ni yule kijana wa ofisi ya safari aliyekwambia "ndege ni asubuhi, mzee." Nawajua watu wa aina yake. Wana ratiba moja, wanabadilisha jina la mteja tu. Asubuhi ni ya ndege wa msituni: kuna ubaridi, wanaimba, wadudu bado wazito. Ndege wa ufukweni hana habari na asubuhi. Anakula maji yakiruhusu, hata usiku wa manane, na anapumzika maji yakimzuia, hata kama ni saa moja na jua ni zuri. Na wewe mtoto wa Tanga unayakubali haya? Shuka pale Deep Sea, kwenye wavuvi wa Tanga, umwambie mvuvi yeyote kwamba unakwenda horini saa nne asubuhi siku ya mwezi kumi na tano. Atacheka mpaka aweke nyavu chini.

Kwa hiyo geuza siku nzima, juu chini. Ukiwa na bamvua, tafuta saa ya maji kujaa, rudi nyuma saa mbili na nusu, na hapo uwe umeshakaa kibandani. Maji yakijaa saa kumi alasiri, kaa saa saba na nusu mchana. Maji yakipanda yanawasukuma ndege kuja kwenu hatua kwa hatua, tope linapungua, wanabanana, na kati ya saa nane na saa tisa unusu unaweza kuwahesabu mmoja mmoja. Tumia ukuzaji wa mara 25 au 30, inatosha na picha haitetemeki. Usichelewe ukidhani maji yakijaa kabisa ndiyo bora zaidi. Siku za bamvua tope lote linafunikwa, wanaruka kwenda kulala kwenye mikoko, na yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, Xenus cinereus, utamkuta amepangana na wenzake kwenye matawi. Ukikosa, maji yakianza kutoka wanarudi, ila mwanga unakuwa unakwisha.

Saa tatu yako ya asubuhi ingekuwa na maana siku za maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo tu, karibu na mwezi wa siku 8 au 22. Hapo maji hujaa asubuhi kama saa nne, lakini hupanda mita 1 hivi tu, kwa hiyo ndege hawasukumwi sana. Kila siku inayopita, sogeza kama dakika 50 mbele. Jedwali la maji kujaa na kupwa utakalolisoma ni la Kilindini, Mombasa. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo. Na ukiona 04:00 usisome saa nne. Wapo waliosoma hivyo. Hatutaji majina.

Mwezi wa Desemba uliouchagua haujakosea, ndege hawa wa ufukweni wapo tangu Agosti mpaka Aprili. Ila mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, usiende kwa ajili ya ndege aitwaye Glareola ocularis. Huyo wa Madagaska huja wakati wa kipupwe.

Asubuhi basi ni ya msitu. Ingia kunapopambazuka, na mwongozaji wa pale pale, kwa sababu bundi mdogo Otus ireneae ana urefu wa sentimita 17 hivi na mchana hulala kwenye kichaka cha msitu wa udongo mwekundu. Bila anayejua kichaka cha wiki hii utapita hatua mbili kutoka kwake. Huyo hata milima ya Usambara Mashariki kwetu yupo. Kwera wa Clarke, ndege mwingine wa msitu huu, kwetu hayupo. Yeye ni wa Kenya peke yake, kwa hiyo mpe muda kwenye eneo la miombo.

Mpakani beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa kwa kurudi. Darubini ya mkono iwe 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya milimita 42.

Sasa mpigie yule kijana leo. Usimwombe abadilishe tarehe, atakudai faini. Mwambie msitu uanze saa kumi na mbili asubuhi na Mida ianze saa saba na nusu mchana. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale. Akisema haiwezekani, muulize Jumamosi hiyo maji yanajaa saa ngapi, kisha nyamaza umsikilize.