Kadi ya chama haipimi chanjo

*Upande wa pili wa siasa ndio wanaoamini mambo yasiyo na ushahidi. Sisi tunasoma. Kweli si kweli? (Msomaji, Area C, Dodoma)*

Si kweli, na nimechoka kuulizwa hivi na watu wa pande zote kwa maneno yaleyale. Mwaka 2011 foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, ilikuwa na vigogo na wakulima, na hakuna aliyeulizwa kadi ya chama kabla ya kupewa kikombe cha Babu, dawa iliyosemekana kuponya magonjwa sugu. Wapo wagonjwa walioacha ARV wakiamini wamepona.

Mei 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona. Waliompenda wakahitimisha kwamba vipimo vyote ni uongo. Mtaani kwangu jirani mmoja alivaa barakoa mpaka dukani akiilaumu serikali. Mwingine alipiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, kila jioni akiitetea. Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani. Yule wa nyungu akawahi kituoni, yule wa barakoa akakataa sindano kwa kuwa serikali ndiyo imeileta. Kirusi kilikuwa kilekile. Wote wawili waliangalia nani kasema, wala hawakuuliza kimepimwaje.

*Chanjo ya HPV inaharibu kizazi cha binti? (Mama, Nkuhungu)*

Hapana. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi, nayo imekuwa ikitolewa nchi nzima tangu 2018. Swali hili limeshajibiwa hapa. Anayekutisha mwambie alete ushahidi, si sauti ya WhatsApp.

*Wazee wa Kongwa husema karanga za Mwingereza zilikataa kwa sababu ya mizimu. Wewe unasemaje? (Mwalimu, Kongwa)*

Nasema msiwabebeshe mizimu makosa ya wanasiasa. Mradi huo wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947 chini ya serikali ya chama cha Labour, Uingereza ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Udongo haukupimwa vya kutosha, na mvua ilikadiriwa kwa matumaini. Mwalimu, unaujua udongo wenu: mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu kama tofali, karanga zinabaki chini na ukivuta unakata shina tu. Wakati huo London serikali ilikuwa imeshaweka heshima yake yote kwenye mradi, na wapinzani wao wa chama cha Conservative wakaufanya rungu la kuipigia. Kukiri kwamba mvua haitoshi kukawa sawa na kumpa mpinzani ushindi. Mradi ulifutwa 1951, hasara ikiwa kama pauni milioni 36.

Ndiyo maana nawaambia wakulima wa Kongwa, Bahi na Mpwapwa: kiongozi wa chama chochote akizindua zao jipya kwa ngoma na fulana, ulizeni majibu ya kipimo cha udongo kabla hamjapiga makofi.

*Mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) yaliyojaribiwa Makutupora yalikuwa sumu ndiyo maana yakasimamishwa? (Mkulima, Hombolo)*

Kusimamishwa si ushahidi wa sumu. Majaribio yalianza 2016 ili kupata mahindi yanayostahimili ukame, na serikali ikayazuia 2018. Mazao ya GMO yaliyoidhinishwa kuliwa yamechunguzwa kwa miaka mingi bila kuonekana kuwa hatari kuliko ya kawaida. Marekani na Ulaya wapo watu wa mrengo wa kushoto wanaowacheka wahafidhina kwa kukana mabadiliko ya tabianchi, kisha wao wenyewe wanayaogopa mahindi haya bila kipimo. Kama hoja yako ni nani atamiliki mbegu na mkulima atainunua kwa bei gani, hiyo ni siasa halali kabisa na nitasimama nawe. Usiivishe koti la maabara.

*Wewe ni chama gani?*

Haikuhusu.

*Vifo vya mahindi vya 2016 jirani anasema ni uchawi, shemeji anasema ni njama. Nimwamini nani? (Msomaji, Chemba)*

Usimwamini yeyote kati yao. Waliokufa Dodoma na Manyara waliuawa na sumukuvu, inayotoka kwa kuvu kwenye nafaka zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka punje ikauke kabisa. Zilizooza na zenye ukungu zitenge, na usiwape kuku. Kuzipika hakuondoi sumu hiyo.