Maswali na majibu: Uigaji wa chembe milioni 134 unauawa dakika chache tu baada ya kuanza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Nyegezi, Mwanza, nasoma shahada ya uzamili. Nina akaunti kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) ya nje ya nchi inayotumia Slurm, programu ya kugawa kazi na rasilimali. Kila nodi, yaani kompyuta moja ya klasta, ina viini 24 na RAM ya GB 128. Naiga maada nyeusi kwa programu ya GADGET-4, boksi la ulimwengu lenye upande wa 100 Mpc/h (Mpc ni megaparseki, kipimo cha umbali; h ni namba ya kasi ya kupanuka kwa ulimwengu). Chembe 256³ zilimalizika kwa saa 3 kwenye viini 24, ila nilipochukua viini 240 bado zilitumia saa 1 na dakika 50. Chembe 512³ kwenye nodi moja hazifiki popote, naletewa “oom_kill”, yaani kazi imeuawa kwa kumaliza RAM. MaxMemSize nimeweka 4500. Na hata zikikubali, intaneti yangu ni megabiti 5 kwa sekunde na inakatika umeme ukiyumba. Nitapakuaje matokeo?

Jibu: Marahaba. Tuanze na RAM. MaxMemSize huhesabiwa kwa MB kwa kila mchakato (mmoja kwa kila kiini), kwa hiyo 4500 mara 24 ni MB 108,000. Hiyo ndiyo ruhusa uliyoipa GADGET. Slurm nayo, kama hukuitajia RAM kwenye faili la kazi, hukupa kiwango chake cha kawaida kwa kila kiini. Andika `scontrol show config | grep DefMem` ukione. Ukikuta 2000, maana yake nodi nzima umepewa GB 48 tu, na ukizipita unauawa papo hapo, hata kama GB 80 nyingine zimekaa bure.

Sasa piga hesabu ya mahitaji. 512³ ni chembe 134,217,728. Mimi hukadiria baiti 200 kwa chembe pamoja na mti wa kukokotolea mvutano, jumla GB 27 hivi. Ukiweka PMGRID, yaani idadi ya vyumba vya gridi ya mvutano kila upande, kuwa 1024, gridi moja ya namba za baiti 8 inakula GB 8.6, na wakati wa kutengeneza hali ya mwanzo zinahitajika gridi kadhaa kwa pamoja. Hapo ndipo GB 48 zinapoisha, na ndiyo sababu kazi yako inakufa mapema badala ya kufia katikati. Weka hivi:

`#SBATCH --nodes=4`
`#SBATCH --ntasks-per-node=24`
`#SBATCH --exclusive`
`#SBATCH --mem=0`

Sifuri hapo maana yake “nipe RAM yote ya nodi”. MaxMemSize iache 4500, mfumo wa nodi nao unahitaji nafasi ya kupumua. Kazi ikiisha angalia MaxRSS (kilele cha RAM iliyotumika) kwa `sacct`, ila usiiamini sana kwa kazi iliyouawa: kwa kawaida kipimo huchukuliwa kila baada ya sekunde 30, na RAM inaweza kupanda na kukuua katikati ya vipimo viwili.

Kwa nini nodi nne na si kumi? Jaribio lako lenyewe limeshajibu. Umeongeza viini mara 10, kasi imepanda mara 1.6. Kila hatua ya muda michakato yote husubiriana, kama kivuko cha Kamanga: pikipiki yako inaweza kuwa imepakiwa ya kwanza, lakini huondoki hadi gari la mwisho liingie. Chembe 256³ kwa viini 240 ni chembe 70,000 tu kwa kiini. Muda mwingi unaishia kwenye kupeana taarifa. Kwa 512³ kwenye viini 96 kila kiini kinabeba milioni 1.4, kazi ya kutosha kabisa. Jua pia kwamba ukivuka nodi moja, GADGET-4 hutenga mchakato mmoja kila nodi kwa mawasiliano, kwa hiyo wanaokokotoa ni 92. Kadiria saa 10 hadi 12.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo huwaliza wengi: TimeLimitCPU, kikomo cha muda cha GADGET. Iwe sawa na muda uliouomba Slurm, kwa sekunde. Ukiomba saa 24, andika 86400. Programu hujisimamisha yenyewe ikifika asilimia 85 na kuandika faili za kuendelezea. Ukiweka namba kubwa kuliko muda wa Slurm, unakatwa bila onyo. Kuendelea, anzisha kwa idadi ileile ya michakato na uongeze `1` mwishoni mwa amri. Ukiisahau hiyo `1`, uigaji unaanza upya kutoka mwanzo.

Boksi lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kila chembe ina uzito wa majua milioni 640 hivi (gawa kwa h), ilhali uigaji wa Millennium wa mwaka 2005, wenye chembe bilioni 10 kwenye boksi la 500 Mpc/h, ulikuwa na milioni 860. Unaona kwa undani kuwazidi kidogo, ndani ya ujazo mdogo mara 125. Halo (bonge la maada nyeusi linalozunguka galaksi) ya ukubwa wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, itapata chembe zaidi ya elfu moja. Galaksi vibete usizitafute humo. Wavu wa sangara haushiki dagaa.

Kuhusu kupakua: usipakue. Snapshoti moja (faili la hali ya chembe zote kwa wakati mmoja) ni GB 3.8, mia moja ni GB 376, na kwa megabiti 5 hizo ni siku 7 usiku na mchana bila kukatika. Washa FOF na SUBFIND (za kutafuta halo) na POWERSPEC_ON_OUTPUT kwenye Config.sh, ili halo na spektra ya nguvu (kipimo cha jinsi maada ilivyokusanyika kwa kila ukubwa) vikokotolewe kulekule. Chora grafu huko huko pia, ulete orodha za halo na picha tu. Kazi uliyoituma kwa `sbatch` haijali umeme wa Nyegezi. Ukihitaji kukaa ndani ya klasta kwa muda, fungua `tmux`, inayotunza kikao chako muunganisho ukikatika; utaikuta ulipoiacha.

Snapshoti moja au mbili unazozihitaji kweli, zivute kwa `rsync --partial --append-verify`; ikikatika, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia. Kisha linganisha `sha256sum` (alama ya kukagua faili) ya pande zote mbili, na usifute nakala ya kule kabla hazijalingana.