Kwa Nini Uzito wa Jioni Hauwi Sawa na wa Asubuhi

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuamka akiwa na kilo 70, na jioni ya siku hiyo hiyo mizani ikasoma kilo 71 na nusu, ilhali mafuta ya mwili wake hayajaongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Nimekuwa nikijipima kwa muda mrefu, na nimewaona ndugu na majirani wakikata tamaa kwa sababu ya namba moja ya jioni. Kwa hiyo nawasihi wote wanaojitahidi kupunguza mwili wasilinganishe vipimo vilivyochukuliwa katika hali tofauti.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo anayekunywa nusu lita na kupanda mizani papo hapo ataona nusu kilo imeongezeka. Mafuta hayaji kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, na kwa kuwa watu wazima wengi hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 hivi kwa siku, ingembidi mtu ale chakula cha zaidi ya siku tatu juu ya mahitaji yake ili aongeze kilo hiyo kati ya asubuhi na usiku.

Usiku mambo hugeuka. Mbali na mkojo, mwili hupoteza maji kwa pumzi na kupitia ngozi bila sisi kuhisi, na ndiyo maana wengi wetu huamka wepesi kuliko tulivyolala. Daktari Santorio Santorio wa Padua, nchini Italia, alilichunguza jambo hili kwa takriban miaka 30 akiketi kwenye kiti kilichotundikwa katika mizani, huku akipima kila alichokula, alichokunywa na kilichomtoka. Mwaka 1614 alichapisha alichokigundua: sehemu kubwa ya uzito unaoingia kwa chakula na kinywaji hutoka bila kuonekana kwa macho.

Linalowachanganya watu zaidi ni vyakula vya wanga. Ugali, wali na mihogo huacha akiba ya sukari iitwayo glaikojeni kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Anayeacha wanga ghafla hupungua kilo kadhaa katika wiki ya kwanza na kufurahi, lakini sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji, nayo hurudi mara anapokula pilau ya harusi. Chumvi nayo huzuia maji mwilini hadi figo ziitoe, kwa hiyo samaki wa ng'onda wa jana usiku anaweza kuonekana kwenye mizani ya leo. Kwa wanawake wengi, siku za kukaribia hedhi huleta ongezeko la namna hiyo hiyo, na si haki mtu kujilaumu kwa hilo.

Mwezi wa Ramadhani hulidhihirisha jambo hili vizuri. Kabla ya kufuturu mwili umepungukiwa maji kwa saa nyingi, na baada ya uji, tambi na maji ya kutosha, uzito hupanda ndani ya saa moja au mbili. Vipimo hivyo viwili havisemi lolote kuhusu unene.

Mimi hujipima asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula au kunywa, nikiwa na nguo nyepesi, kwa mizani ile ile iliyowekwa juu ya sakafu ngumu, kwa maana zulia au mkeka huweza kuharibu kipimo. Huandika namba bila kuitolea hukumu, kisha mwisho wa wiki hutafuta wastani na kuulinganisha na wa wiki zilizotangulia. Mizani ya barabarani, unayoipanda mchana ukiwa na viatu na simu mfukoni, haifai kwa ulinganisho huo.

Hata hivyo, uzito unaopanda kwa kilo mbili au zaidi ndani ya siku chache, miguu ikivimba au pumzi zikibana unapolala, usiupuuze kwa kudhani ni chumvi tu. Huenda moyo au figo zimeshindwa kuondoa maji, na mtu huyo anapaswa kwenda hospitali mara moja. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa moyo huagizwa na madaktari wao kujipima kila asubuhi.