Kaka, mkeo hana mwanaume mwingine. Umempandia milingoti kwenye kinyungu chake

Mleta mada, unasema tangu upande milingoti, yaani mikaratusi, kwenye kinyungu cha mkeo bondeni, huko kwenu Mufindi, mkeo kanuna na hataki hata kuongozana nawe shambani. Unauliza kama kapata mwingine. Nimepitia hayohayo kama mke, nami ni wa hukuhuku, kwa hiyo nakujibu.

Mahindi ya mlimani ni ya nyumba nzima, na baba ndiye anayeamua yauzwe lini. Kinyungu, kile kishamba cha bondeni tunacholima kiangazi, kilikuwa changu. Kiangazi, huko juu pamekauka na baridi inauma, bondeni udongo bado mweusi na una unyevu. Tunainua matuta, tunachimba mifereji, maharage yanachanua. Ghala likiisha, watoto wanakula mahindi mabichi ya huko, na hela ya daftari sikuomba kwa mtu. Ndiko alikokuwa akinifuata mume wangu enzi za uchumba, anashika jembe tunachimba wote mpaka giza. Tulijuana pale, kaka.

Halafu biashara ya nguzo za umeme ikawachanganya watu. Akapanda bila kuniuliza. Sikatai, milingoti inakua haraka. Lakini inakunywa maji! Kichemchemi chetu kikawa tope, kiangazi kilichofuata kikakauka kabisa. Chini ya miti ile hauoti hata mchicha, ni majani makavu tu yanayokwaruza miguu. Nikaacha kwenda, na nyumbani maneno yakaniishia. Angeniuliza nini nimjibu, wakati mahali petu pote amepageuza mbao?

Watu watakwambia ardhi ni ya mume. Mimi sikubali, jasho la mke limo mle. Na kama bonde lenu lina mto, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo miti ya hapo itoe tu. Kukata hakutoshi, kisiki cha mlingoti kinachipua tena. Kichimbe.

Mume wangu ameanza na mistari ya karibu na maji. Maji bado ni haba, na mimi bado sijamsamehe yote, ila jembe tunashika pamoja tena. Wewe nenda kamuulize mkeo anataka kupanda nini pale, na akishasema, usianze kumpigia hesabu ya nguzo.