Punda ana haki ya kuchoka: barua kwa binti yangu aliye Leicester

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Sote hapa hatujambo, alhamdulillah, na mama yako anasema pesa ya dawa imefika.

Umeniuliza kama mbio zetu za punda za Maulidi hapa Lamu ni ukatili sawa na kuwinda mbweha kwa mbwa. Wenzako kazini wamekuletea karatasi utie sahihi, serikali ya huko izibe mwanya uliobaki kwenye sheria, na kabla hujashika kalamu mmoja akakuuliza, "Na punda wenu je?" Ukakosa la kumjibu.

Nianze na huyo mbweha. Sheria yao ya kukataza kumwinda kwa mbwa ni ya 2004, ikaanza kazi tarehe 18 Februari 2005, kwa England na Wales. Tangu hapo wawindaji, wale wapanda farasi, wanasema mbwa wao wanafuata harufu tu, ya kitambaa kilichoburutwa ardhini. Sawa, lakini kundi la mbwa thelathini na zaidi likikutana njiani na mbweha wa kweli, nani atakayelirudisha? Kifo chake sicho kinachonikera. Fungo akiingia bandani kwetu akamaliza kuku, nami nitamuua, na sitalala njaa kwa huzuni. Kinachonikera ni matayarisho. Zamani usiku wa kuamkia mawindo alitumwa mtu kuziba mashimo, ili mbweha akikimbilia kwake asipate pa kuingia. Na mbwa wenyewe wamezalishwa miaka na miaka wawe na pumzi ndefu kuliko kuwa na mbio kali, maana wakimkamata mapema mchezo umekwisha. Kuchoka kwa mbweha ndiko mchezo wenyewe. Ukikuondoa, hakuna kilichobaki. Mtume, sala na amani zimshukie, alikataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha, na kwangu hili limo humo humo.

Mbio ni jambo jingine. Mtume mwenyewe alishindanisha farasi. Waliotayarishwa walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, huko Madina, na wasiotayarishwa akawapa masafa mafupi. Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Hakuwapa wote kipimo kimoja. Nimeyasema haya nyumbani mpaka mkachoka kunisikia, na leo nayarudia: punda ana haki ya kuchoka. Ile methali ya punda afe mzigo wa bwana ufike sikutaka isemwe mbele yangu mlipokuwa wadogo, na wajukuu nao siwaruhusu.

Sasa, swali ulilopaswa kuulizwa na huyo mwenzako ni hili: punda yupi, na nani amemkagua kabla hajapandwa?

Mtazame mgongo kwanza. Kidonda huanza kwa nywele kukatika na ngozi kupata moto. Weka kiganja palepale linapokaa shogi, ule mfuko wa mzigo wa pande mbili, utausikia huo moto kabla hujaona damu. Chanzo ni shogi kutandikwa bila gunia laini chini yake, au upande mmoja kutiwa mawe mengi kuliko wa pili, likawa linateleza na kusugua, na mchanga nao umeingia. Dawa yake ni maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha apumzike mpaka nywele ziote upya. Wanaopaka oili chafu ya injini wanaunguza nyama iliyo hai. Punda wa namna hiyo hapandwi, hata akiwa ndiye mwenye mbio kuliko wote Lamu.

Kisha umri. Chini ya miaka minne mifupa haijakomaa, na goti linaloharibika wakati huo haliponi. Kisha kwato. Mchanga wetu haumegi kwato, zinakua ndefu, punda anakanyaga kwa kisigino, na kila baada ya wiki sita mpaka kumi zinataka kukatwa. Punda mwenye kwato ndefu akitoka mchangani akaingia kwenye saruji ya ukutani pwani, hutereza kwenye kona, naye huanguka na mtoto aliyempanda. Ndiyo maana pia wanapanda vijana wembamba. Kilo hamsini ni mzigo wa kutosha kwa punda wa kawaida, na mpandaji akae nyuma kabisa, juu ya nyonga. Akikaa kiunoni, pasipo na mbavu za kuchukua uzito, anamvunja mgongo.

Mwisho, pumzi. Punda aliyetulia huvuta pumzi kama 20 kwa dakika, utahesabu ubavu ukipanda na kushuka. Mapigo ya moyo ni kama 44. Yatafute kwa vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Ivute ngozi ya shingo uiachie, na isiporudi upesi mwili hauna maji. Baada ya mbio atembezwe taratibu kivulini, amwagiwe maji, anyweshwe kidogo kidogo. Nusu saa ikipita na bado anahema kwa nguvu, mwite daktari, usingoje.

Unamkumbuka punda wetu Tufani? Wewe ulimkuta mzee, lakini jina la "Shuka" wanalomwita ami yako barazani limetoka kwa Tufani. Maulidi ya mwaka ule, mwezi wa Mfungo Sita, jua la alasiri bado kali, ami yako aliongoza tangu mwanzo. Walipokaribia gati masikio ya Tufani yakalala pembeni, na mguu mmoja wa nyuma ukaanza kuupiga wa pili. Ami yako aliitupa bakora baharini, akashuka, akamwongoza kwa miguu. Watatu wakampita. Watu walipiga miluzi, wakapiga kelele, "Shuka! Shuka!", na mpaka leo wanamwita hivyo. Punda aliyeshinda alipakwa hina na kuzungushwa mji. Kufika Isha alikuwa hali wala hanywi, amesimama tu kichwa chini, na wenyewe wakajisifu kwamba ni hodari, hata hakulala. Punda mwenye maumivu husimama kimya namna ile, hapigi kelele kama mbuzi. Hakuiona Ijumaa. Kwa huyo hakuna aliyetaniwa. Tufani alibeba mawe ya ghorofa uliyozaliwa wewe, ila jina la kejeli akabaki nalo ami yako. Linanichoma hadi leo.

Najua utasema, basi Baba, hizo mbio zifutwe. Nami najibishana na nafsi yangu hapo hapo. Mbio ni dakika chache kwa mwaka. Mawe na mchanga ni kila siku, na nyumba zetu zote zimejengwa kwa migongo hiyo. Ukitafuta mateso ya punda Lamu utayakuta zaidi kwenye kazi kuliko kwenye mchezo. Tena wenye punda wa mashindano huwalisha pumba, huwaogesha baharini, huwapeleka kwenye zahanati ya punda iliyopo hapa tangu 1987. Mchezo umewapa baadhi yao heshima. Lakini kazi ina haja nyuma yake, na mbio hazina haja ila furaha yetu. Furaha yetu haiwezi kudai kiasi kile kile inachodai haja. Nikifika hapo narudi nyuma tena, kwa sababu sherehe ya Maulidi bila mbio vijana wangeichukuliaje?

Jamaa zetu wa Maskati wanatuambia habari za mbio za ngamia. Katika nchi za Ghuba watoto waliokuwa wakipandishwa walikatazwa, Imarati ikafanya hivyo mwaka 2005, na mahali pao pakawekwa roboti ndogo yenye mjeledi, inayoendeshwa kwa rimoti kutoka kwenye gari linalokimbia kando ya njia. Mtoto akaokolewa, na hilo ni jema kubwa. Mjeledi ulibaki. Tena anayeupiga hausikii mwili wa ngamia chini yake. Mpandaji wa kweli angalau husikia mapaja yake yakitetemeshwa na pumzi ya mnyama, akitaka kusikia.

Ningepewa kauli mimi, fimbo isingevuka mstari wa kuanzia. Punda aliyechoka akipigwa haongezi mwendo. Anayumba, anaingia kwenye umati, na watu wanarukia majini. Na pangekuwa na mtu mmoja anayejua, anayegusa kila mgongo na kuangalia kila kwato, na neno lake liwe la mwisho hapo hapo, hata punda awe wa nani. Wanaofanya mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri wanafanya hivyo hivyo, wanakagua kwanza.

Kuhusu karatasi yako, sitakuambia tia sahihi au usitie. Ulimi unawasha, lakini wewe ndiye unayeishi na watu hao, na umri huo haungoji ruhusa yangu. Mwenzako huyo mjibu tu hivi: mbweha hapewi nafasi ya kuchoka akaachwa, na punda wetu anaweza kupewa, ila si wote tunaompa.

Mtoto wa ami yako ameandikisha punda mwaka huu, dume la miaka mitano. Kesho baada ya Alfajiri nakwenda kumtazama, na baba yake amekubali kwamba nikikuta mgongo una moto, hatakimbia. Ukija likizo niletee tupa ya kwato, ile ya inchi 14 wanayouza maduka ya farasi huko, na kisu chake chenye ncha iliyopinda. Tupa ya seremala inapasua ukingo wa kwato.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako