Wasomaji Wanauliza: Pawabenki, Betri za Akiba na Safari za Ndege

SWALI: Mhariri, nafanya kazi Dubai na ninatarajia kurudi Dar es Salaam kwa likizo. Safari iliyopita mhudumu wa kaunta alinitaka nifungue sanduku ambalo tayari lilikuwa limezungushiwa nailoni, nitoe pawabenki tatu nilizokuwa nawapelekea wadogo zangu, ilhali laptopu iliyokuwa humo humo aliiacha. Ni kanuni gani hiyo inayokataa kidogo na kuruhusu kikubwa?
Msomaji, Dubai

JIBU: Mhudumu huyo alikuwa sahihi, na ukubwa wa kifaa hauhusiki. Katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya akiba, yaani betri isiyofungwa ndani ya chombo inachokiendesha, na betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kabisa katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Betri ya laptopu imekingwa na bodi ya laptopu yenyewe, ndiyo maana huvumiliwa sandukuni, mradi iwe imezimwa kabisa, si kufunikwa tu ikabaki imesinzia, na iwe imefungwa vizuri isipondeke wala kujiwasha. Hata hivyo, ukiweza kuingia nayo ndani, ingia nayo.

Sababu ni moto, na hasa ni mahali moto huo utakapozukia. Seli ya lithiamu, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyounda betri, iliyopondeka, yenye kasoro ya kiwandani, au ambayo ncha zake zimeunganishwa na kipande cha chuma, huweza kuanza kujipasha joto yenyewe, na joto hilo likaiwasha seli ya jirani. Gesi ya haloni inayotumika katika vyumba vya mizigo huzima miali lakini haipoozi seli, kwa hiyo mlolongo huo huendelea pale ambapo hakuna mtu wa kuufikia. Ndani ya kabini abiria huona moshi mapema, na wahudumu wamefunzwa kuipoza betri kwa maji. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliyokuwa imeruka kutoka hapo hapo Dubai ilishika moto kwenye shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, ikaanguka na marubani wake wawili wakafariki. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi katika ndege za abiria.

Kipimo kinachotumika ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambacho betri huweza kuhifadhi. Pawabenki nyingi huandikwa mAh (miliampia-saa) tu, nawe unaweza kupata wati-saa kwa kuzidisha mAh kwa volti 3.7 za seli za ndani kisha kugawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 ina wati-saa 74. Usitumie zile volti 5 zilizoandikwa karibu na tundu la waya, kwani hizo ni za umeme unaotoka. Isiyozidi wati-saa 100 haihitaji kibali. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kusafiri nayo. Jihadhari na zile za bei ya chee zinazojitapa kuwa na mAh 50,000 ilhali mkononi ni nyepesi kama kiberiti, kwa sababu mkaguzi atasoma maandishi, atapata wati-saa 185, na itabaki kwake. Isiyo na maandishi yoyote nayo huweza kukataliwa, na iliyovimba isisafirishwe kabisa.

Mashirika ya ndege huweza kukaza zaidi ya hapo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates humruhusu abiria pawabenki moja tu ya chini ya wati-saa 100, ambayo haruhusiwi kuitumia wala kuichaji safarini, na ambayo hukaa kwenye mfuko wa kiti au katika begi lililo chini ya kiti cha mbele, si kwenye kabati la juu. Kwa zawadi tatu, basi, ni afadhali uwanunulie wadogo zako Kariakoo.

Jambo ambalo wengi hulisahau hutokea mlangoni mwa ndege, makabati yanapojaa na begi lako la mkononi likachukuliwa kwenda kuwekwa chini. Hapo toa pawabenki na betri zote za akiba kabla hujaliachia, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

SWALI: Napiga video za harusi na nimealikwa kazi Zanzibar kutoka Mwanza. Betri zangu za kamera nizibebe vipi?
Mpigapicha, Mwanza

JIBU: Zote ziingie nawe kabini, kila moja ikiwa kwenye kasha lake au mfuko wake wa plastiki, na ncha zilizo wazi zibandikwe utepe, maana funguo au sarafu moja begini yatosha kuziunganisha. Zile kubwa za kuchomeka nyuma ya kamera, za volti 14.4 na ampia-saa 6.8, zina wati-saa 98, kwa hiyo ziko ndani ya kikomo. Za ampia-saa 10.4 hufikia takribani 150: za namna hiyo hazizidi mbili za akiba kwa abiria mmoja, na idhini uiombe kwa shirika lako kabla ya siku ya safari, si kaunta.

SWALI: Simu yangu iliponyoka ikazama kati ya viti. Nilipotaka kukisogeza kiti, mhudumu alinizuia kwa ukali. Kwa nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mitambo ya kiti inaweza kuikunja simu na kuitoboa betri. Kaa bila kukigusa kiti na umwite mhudumu. Atakuomba uinuke, kisha ataitafuta mwenyewe.