Zimwi likikutana na mchawi ziwani: namna ya kupata mshindi bila ugomvi

Umeme ukikatika usiku, wapwa zangu watatu hawaulizi mshumaa uko wapi. Wanapanda juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Kitangiri, Mwanza, nami nawafuata na kigoda changu. Kutoka pale unaliona ziwa lote la upande wa Kirumba, na kama mwezi haupo, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini utadhani kuna mji mwingine. Hapo ndipo swali linapotoka: "Mjomba, joka la moto na mchawi wa radi wakikutana, nani mshindi?"

Mchezo huu nimeusimamia miaka sita sasa. Naupenda kuliko mchezo mwingine wowote ninaocheza na watoto, kwa sababu nimeona kwa macho yangu unavyowafundisha kufikiri, kupanga hoja na kusimulia. Lakini mwanzoni ulikuwa ukitushinda. Naandika haya kwa mzazi, mjomba au shangazi anayetaka kuuanzisha nyumbani, na pia kwa kijana anayeandika hadithi zake za mazimwi na majini na hajui kwa nini zinaishia njiani.

Usiku wa kwanza ulikwenda hivi. Mdogo wao, wakati huo ana miaka sita, akasema mchawi wake analigeuza zimwi la kaka yake kuwa dagaa. Kaka akajibu zimwi lake halirogeki. Mdogo akasema mchawi wake anaroga hata visivyorogeka. Kaka akasema basi zimwi lake lilishamla mchawi jana. Dakika tatu hazijaisha, kibao kimeshalia na mtu analia. Ile haikuwa vita ya zimwi na mchawi. Ilikuwa ligi, kama zile za vijiweni ambazo kila mtu anapandisha sauti na hakuna anayesikiliza.

Nililala nikiifikiria. Kilichoua mchezo kilikuwa kitu kimoja tu: mchawi anayeweza yote. Mtu anayeweza yote hana la kuamua, na asiyekuwa na la kuamua hana hadithi. Kwa hiyo kesho yake nikaweka sharti ambalo hadi leo halijavunjwa: kila uchawi una gharama yake, na gharama inatajwa kabla vita haijaanza. Ukishaitaja, huibadilishi ukiona unashindwa.

Waache watoto wenyewe watunge gharama, maana wanakushinda. Mkubwa alisema mchawi wake akiita radi anakuwa kipofu mpaka jogoo awike. Nzuri hiyo. Mdogo akasema wake anasikia njaa ya siku tatu. Lakini binti, wa katikati, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Wangu kila akiroga anasahau jina la mtu mmoja anayempenda." Tulicheza vita hiyo karibu saa nzima. Kuna mahali zimwi lilikuwa linakaribia kumkamata mchawi wake, kaka akamhimiza, "Si umroge?" Yeye akahesabu vidole, akasema polepole, "Amebakiwa na majina mawili." Hakuna aliyecheka pale juu ya jiwe. Wote tulikuwa tunataka kujua atafanya nini, na hata mimi nilijikuta nimesogeza kigoda.

Baada ya gharama, uliza mahali. Usikubali kamwe vita inayopiganwa hewani, isiyo na ardhi wala saa. Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tumebahatika, maana uwanja tunao na tunaufahamu. Mkubwa alipoleta zimwi la urefu wa mita 100, nilimwuliza litasimama wapi. Penye kina kirefu kuliko pote katika Ziwa Victoria ni kama mita 80. Ziwa hili ni pana mno, kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kwa kina ni sahani. Zimwi lake lingeweza kutembea kutoka hapa Mwanza hadi Uganda kichwa kikiwa juu ya maji njia nzima. Lipeleke Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, halina pa kukanyaga. Zimwi ni lile lile, ila huku ni mfalme na kule ni mzigo unaozama. Tangu siku ile hakuna mtoto anayeleta dubwana bila kusema linapigana wapi.

Saa nayo ina uzito wake. Wavuvi wa hapa wanajua kwamba dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati nchi kavu radi zake ni za alasiri zaidi. Basi mchawi wa radi mwenye akili hatapigana ziwani saa nane mchana. Atasubiri. Na jini linaloogopa mwanga litoke lini? Si usiku wa giza, kama unavyoweza kudhani, kwa sababu ndipo taa za dagaa zinapojaa majini. Litatoka usiku wa mbalamwezi kali, wavuvi wakiwa wamepumzika, likipita kwenye vivuli vya mawe. Jibu hili alilitoa mdogo, yule yule wa visivyorogeka, akiwa amefikisha miaka tisa.

Kuhusu ukubwa, jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watoto wanapokwama sana. Wanadhani zimwi likiwa kubwa zaidi ndiyo limeshinda. Nilichukua visanduku tisa vya kiberiti. Kimoja nikakiweka peke yake: hili ni zimwi dogo. Vinane vilivyobaki nikavipanga vinne chini, vinne juu, wakapata zimwi lenye umbo lile lile, ila kila upande umeongezwa mara mbili. Nikawauliza, uzito? Vinane. Na chini, linakanyaga nafasi ya visanduku vingapi? Wakahesabu: vinne. Kwa hiyo kila nafasi ya kisanduku kimoja pale chini imebeba mzigo maradufu ya ule wa zimwi dogo. Liongeze tena mara mbili, mzigo unaongezeka tena. Jambo hili Galileo Galilei wa Italia alilieleza kitabuni mwaka 1638, na ndiyo sababu mguu wa tembo haufanani na mguu wa swala. Zimwi la mita 100 lenye miguu kama ya mtu, likipanda nchi kavu litavunjika magoti.

Mkubwa alinuna, lakini hakukata tamaa. Kesho yake akaja na hoja: zimwi lake halitoki majini. Akaeleza kwamba mvuvi humvuta sangara mkubwa bila taabu akiwa bado majini, ila kumpandisha mtumbwini ndiyo shughuli. Basi maji yanambeba. Kweli kabisa. Na kiboko si anatembea chini ya ziwa? Nilimpa mkono. Zimwi lake sasa lina nguvu za kutisha mradi maji yalifike kifuani, na likitoka linachoka. Hiyo ni gharama, na ameipata mwenyewe kwa kufikiri.

Muulize pia dubwana linakula nini. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa ziwa hili, wa aina nyingi mpaka wengine wakatoweka. Leo anakula dagaa, na hata watoto wake mwenyewe anawameza. Mlafi akishamaliza kila kitu ana adui mpya, tumbo lake. Vita nyingi za wapwa zangu zimeamuliwa na njaa, si na panga.

Jingine: badilisha maana ya kushinda. Watoto wanajua ushindi mmoja tu, kuua. Huku Usukuma tuna mashindano ya watu wa dawa ambayo hayamwagi damu. Ngoma zetu zina makundi mawili makubwa, Wagika na Wagalu, na simulizi zinawataja waasisi wake kuwa Ngika na Gumha, waganga walioshindana kupima dawa ya nani ni kali. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, wengine na majembe, wengine na chatu hai, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Dawa ni ya kuvuta watu. Niliwapeleka wapwa zangu Bujora, kule Kisesa, msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma zetu, mwezi wa Juni, wakaona watu wanavyohama kutoka upande huu kwenda ule, vumbi likipanda, na wenye ngoma walioachwa wakizidi kuruka ili wawarudishe. Tuliporudi waliomba wachawi wawili washindane hivyo hivyo: hakuna kugusana, anayevuta samaki wengi zaidi mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, alfajiri ndiye mshindi. Mpaka sasa naihesabu kati ya vita zetu bora.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningeomba ulisome hata kama mengine utayaruka. Usiku mmoja mkubwa alisema, "Mchawi wangu yuko kama yule bibi wa bondeni, ana macho mekundu." Nilisimamisha mchezo palepale. Kwetu kanda ya ziwa hilo si neno la mchezo. Bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa uongo wa watu wanaojiita waganga. Mtoto aliyelisema hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amelisikia mahali. Ndivyo linavyosafiri.

Sikumpiga wala sikumhutubia. Kesho yake nilinunua sukari kilo moja, tukashuka wote wanne kumwamkia yule bibi. Alikuwa jikoni anapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, jiko la mafiga matatu, dirisha moja dogo kama kitabu. Alitukaribisha tukae humo humo. Dakika kumi hazikufika, mdogo anafikicha macho, binti anakohoa, na mkubwa, machozi yakimtoka, ananitazama mimi na macho mekundu kama pilipili. Hakuna aliyehitaji maelezo. Bibi huyu amekaa na moshi ule zaidi ya miaka hamsini.

Tangu hapo tuna sharti la pili, na ndilo zito kuliko yote: mchawi wa mchezo wetu hafanani na mtu yeyote tunayemjua. Hana kabila, hana mtaa, hana umri wa bibi wala rangi ya ngozi ya mtu fulani. Anatoka nchi ambayo hatujawahi kufika. Ukiuanzisha mchezo huu nyumbani kwako, anza na sharti hili kabla ya mengine. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Yule bibi alituuliza tunacheza nini huko juu kila umeme ukikatika, maana sauti zinamfikia. Watoto walipomweleza, aliweka mwiko chini, akawasimulia habari za Masala Kulangwa, ambazo Wasukuma wengi tumelelewa nazo: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu na ng'ombe wote wa nchi, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa kijana mwerevu, kijana akaliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wote wakatoka wazima. Mimi nilidhani hadithi inaishia hapo. Bibi akaendelea: wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi akakasirika, akataka kumdhuru kijana kwa uchawi, na Masala Kulangwa ikambidi atafute dawa amtibu lile sikio. "Kuua zimwi ni kazi ya asubuhi moja, wajukuu zangu," alisema, "sikio ndilo linalochukua muda."

Kwa hiyo siku hizi vita haijaisha mpaka tumejibu nani ameumia bila kosa, na mshindi atamfanyia nini. Mara nyingi sehemu hii inakuwa ndefu kuliko mapigano yenyewe.

Mambo madogo nayataja harakaharaka. Mwamuzi awe mmoja, na asiwe na dubwana lake. Wakianza kurudia hoja ile ile mara ya tatu, wabadilishe pande: wa zimwi amtetee mchawi, wa mchawi alitetee zimwi, hasira inapungua mara moja. Na msivuke saa nne usiku, hata kama vita imekolea. Inayobaki wakalale nayo.

Inayosubiri sasa hivi ni hii. Zimwi la mkubwa limesimama Kigongo, kando ya daraja jipya la kwenda Busisi, maji hayalifiki hata kiunoni na linaanza kuchoka. Mchawi wa binti yuko juu ya daraja. Amebakiwa na jina moja. Mdogo, ambaye ndiye mwamuzi safari hii, aliuliza swali ambalo sikulitarajia: mchawi akishalisahau jina la mwisho, atakumbuka alikuwa anapigana kwa ajili ya nani? Binti aliomba muda afikiri. Tumempa hadi Jumamosi, umeme uwepo usiwepo.